Kabla ya Kuuliza Tani Ngapi: Kuchagua Kifaa cha Kunyanyulia Vitu Vizito Karakanani

Mtu akitaka kununua kifaa cha kunyanyulia vitu vizito kwa ajili ya karakana yake ya nyumbani, swali la kwanza huwa moja: ya tani ngapi? Muuzaji naye hujibu kwa tani, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba kifaa cha tani mbili kitafaa kwa mzigo wowote usiofika tani mbili. Maswali mengine huja baadaye. Mbona jeki imeshuka yenyewe usiku? Mbona magurudumu ya nyuma ya kreni yameinuka wakati injini haifiki hata tani moja? Mbona boriti ya paa imepinda ilhali winchi iko sawa?

Namba iliyopigwa kwenye kifaa ni ya kweli, lakini ni ya kweli kwa kazi moja na kwa hali moja. Kuhamisha kitu kizito kuna kazi tatu ndani yake: kuinua, kushikilia na kusogeza. Kuinua ni kukitoa kitu chini. Kushikilia ni kukiweka juu pasipo kushuka, iwe kwa dakika tano au kwa siku nzima. Kusogeza ni kukipeleka kinakotakiwa. Karibu kila kifaa kilichopo sokoni kiliundwa kwa moja ya kazi hizo, pengine mbili, na hatari huanza pale kinapolazimishwa kufanya ile isiyo yake. Ukielewa hilo, nusu ya uchaguzi umeshaumaliza.

Kinachoinua, kinachoshikilia, kinachovuta

Chukua jeki ya haidroliki. Ndani yake pistoni nyembamba inasukuma mafuta kwenda kwenye pistoni nene. Kwa kuwa shinikizo la mafuta ni lilelile pande zote, pistoni yenye eneo kubwa mara 20 hutoa nguvu mara 20, na urefu wa mkono wa jeki unaizidisha tena. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuinua gari. Lakini kitu kikishafika juu, kinachokizuia kisirudi chini ni mafuta yaliyofungiwa na vali ndogo na raba chache. Chembe ya mchanga kwenye vali, au raba iliyokauka, inatosha kuyavujisha, na mzigo unashuka polepole au kwa ghafla. Jeki inainua, kushikilia ni kazi ya stendi za chuma au ya magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kupishana. Anayeingiza mwili chini ya kitu kilichosimama juu ya jeki peke yake ameyaweka maisha yake juu ya raba, na hapa sioni nafasi ya kujadiliana.

Winchi ya umeme inayofungwa mbele ya gari ni ya kuvuta. Namba yake inapima mvuto, tena mvuto unaopatikana kamba ikiwa imebaki safu ya kwanza tu kwenye ngoma, yaani pipa linalozungushiwa kamba. Kila safu inayoongezeka inapunguza nguvu. Breki yake imekusudiwa mzigo unaoviringika au kuburutwa ardhini, ndiyo maana watengenezaji huandika wazi kwamba isitumike kuning'iniza kitu hewani. Vile vivutio vidogo vya mkono vyenye waya na meno ya kujifunga navyo, kwa sehemu kubwa, ni vya kuvutia na kukazia.

Winchi ya mnyororo, ambayo mafundi wengi huiita cheni bloki, inafanya kazi mbili pamoja: inainua na inashikilia. Ukivuta mnyororo wa mkono, gia zinapunguza mwendo na kuzidisha nguvu. Ukiuachia, uzito wa mzigo wenyewe ndio unaobana breki, na mzigo ukiwa mzito zaidi breki nayo inabana zaidi. Gharama yake ni umbali: ili tani moja ipande mita moja utavuta makumi ya mita za mnyororo. Huo ni ubaya kwa mwenye haraka. Kwa karakana ya nyumbani mimi nauona kuwa faida, kwa sababu mzigo unapanda polepole kiasi cha kuona unavyoinama, na mkono unahisi mara moja mahali ulipokwama. Ipo pia ile fupi yenye mpini badala ya mnyororo wa mkono, ambayo unaweza kuitumia hata kuvuta kwa upande.

Ipo tena winchi ndogo ya umeme ya waya. Kwenye kibandiko chake utaona namba mbili za kilo, kwa mfano 125/250. Ile kubwa ni pale waya unapopitishwa kwenye kapi ya ndoano na kurudi juu, hivyo mzigo unabebwa na nyuzi mbili. Kwa waya mmoja kikomo ni ile ndogo. Tafuta pia muda wa kazi. Ikiwa imeandikwa asilimia 20 kwa dakika 10, mota inaruhusiwa kufanya kazi dakika mbili kisha ipumzike nane. Wanaoiunguza mota huwa hawakuisoma sehemu hiyo.

Uzito, na namba inayoitwa kikomo

Huwezi kuchagua kifaa bila kujua uzito, na macho hudanganya sana kwenye chuma. Mita ya ujazo ya chuma cha kawaida ina uzito wa kilo 7,850 hivi. Ile ya zege ni kama kilo 2,400. Kipande cha bamba la chuma chenye urefu na upana wa mita moja na unene wa milimita 10 kinafika kilo 78. Nondo nene ya mviringo ya kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa mita moja ni kilo 62. Kwa kulinganisha, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kilo 23 kuwa kikomo cha mtu mmoja kunyanyua kwa mikono, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, kwenye kimo kizuri, bila kujipinda. Mara nyingi mashine huwa na bamba la maelezo lenye uzito wake. Kama halipo, kitabu chake kinasema. Fuawe nyingi zimepigwa uzito ubavuni. Mashine za kuchonga chuma za kusimama, zile zenye meza inayopanda na kushuka, hufika tani moja bila shida, hata zikionekana ndogo pale zilipo.

Sasa maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Kikomo cha kazi ni uzito mkubwa kabisa ambao mtengenezaji anaruhusu ubebwe katika matumizi ya kawaida. Nguvu ya kukatika ni pale kitu kinapoachia. Uwiano kati yake ndio akiba ya usalama: mnyororo wa kunyanyulia wa daraja la 80 una akiba ya mara 4, na mikanda ya kitambaa mara 7 kwa kanuni za Ulaya au mara 5 kwa za Marekani.

Hapo ndipo wengi hujidanganya. Wakishasikia kwamba mkanda wa tani moja hukatikia kwenye tani saba, wanaona tani sita zimebaki bure. Akiba hiyo imeshatumika. Imetengwa kwa ajili ya mkanda uliochakaa, bolti yenye kutu ya ndani, na zaidi ya yote mishtuko. Fikiria mzigo unaoteleza na kuanguka sentimita 10 tu kabla mkanda haujakaza, kisha mkanda ukanyooka sentimita 2 hadi mzigo ukasimama. Nguvu ya wastani ya kuusimamisha ni mara 6 ya uzito wake, na kilele chake ni zaidi ya hapo. Akiba ya mara 4 imekwisha, ya mara 5 imekwisha, na ya mara 7 iko ukingoni.

Kwa hiyo chagua vifungio kwa uangalifu uleule wa kuchagua winchi. Mnyororo wa dukani wa kufungia geti si mnyororo wa kunyanyulia, hata uwe mnene. Ule wa kunyanyulia wa daraja la 80 una alama ya 8 au 80 kwenye baadhi ya pete zake. Mikanda ya kukazia mizigo kwenye magari huandikwa nguvu yake kwa daN (daN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja), na lebo yake husema ni ya kufungia. Mikanda ya kunyanyulia ina lebo ya kikomo cha kazi, na kwa kanuni za Ulaya rangi yake inasema uwezo: zambarau ni tani 1, kijani tani 2, njano tani 3. Rangi ni msaada tu. Lebo ikishachanika, mkanda huo umestaafu. Na usifunge fundo kwenye kamba wala mkanda wa kunyanyulia, kwani fundo peke yake linaweza kula karibu nusu ya nguvu ya kamba.

Pembe ya mikanda, urefu wa dari

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawajawahi kuambiwa, nami naliona kuwa muhimu kuliko aina ya winchi utakayonunua.

Watu wawili wakibeba ndoo moja ya maji huku wamesimama karibu karibu, kila mmoja anabeba nusu. Wakianza kuachana, mikono ikawa inalala, ndoo inazidi kuwauma ingawa maji ni yaleyale. Mikanda miwili inayotoka kwenye ndoano moja kwenda pande mbili za mashine iko katika hali hiyo. Tuseme mashine ina kilo 500. Mikanda ikisimama wima kabisa, kila mmoja unabeba 250. Ikiwa imetengeneza pembe ya digrii 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja unabeba kama 289. Kwa digrii 45 ni 354. Kwa digrii 30 kila mkanda unabeba kilo 500 nzima, kana kwamba kila mmoja umebeba mashine yote peke yake. Ukiilaza hadi digrii 15, kila mmoja unabeba zaidi ya kilo 960. Mzigo haujaongezeka hata gramu.

Bolti za pete zinazoingizwa juu ya mashine huumia zaidi kwa pembe kuliko mikanda yenyewe. Bolti ya pete isiyo na bega, yaani isiyo na kile kikalio kipana kinacholala juu ya chuma, ni ya kuvutwa wima tu. Ile yenye bega, ikivutwa kwa digrii 45, hubakiwa na sehemu ndogo ya kikomo chake, kama robo hivi, na bega lazima liwe limekaa sawasawa bila mwanya.

Nani basi atalaza mikanda kwa makusudi? Analazimishwa na dari. Piga hesabu uone. Boriti iko mita 2.4 kutoka sakafuni. Cheni bloki, hata ikiwa imepandishwa hadi mwisho, inachukua nafasi yake kati ya ndoano ya juu na ya chini. Tuseme sentimita 35. Mikanda iliyosimama vizuri inachukua sentimita 50. Umebakiwa na mita 1.55. Ukitaka kuweka kwenye meza ya sentimita 90 mashine yenye kimo cha sentimita 60, chini yake unabaki na sentimita 5 tu za kupitia. Mashine ikiwa ndefu kidogo zaidi, mtu atafupisha mikanda, mikanda italala, na nguvu itapanda. Ndiyo maana naomba vipimo vichukuliwe kabla ya kununua: kimo cha dari, kimo cha meza, kimo cha mzigo, na nafasi ambayo kifaa chenyewe kitakula. Kama kimo hakitoshi, acha kunyanyua kutoka juu. Meza ya haidroliki inayoinuka kutoka chini, yenye miguu ya mkasi, inafanya kazi hiyo bila kuhitaji dari kabisa.

Kitakachobeba kifaa chenyewe

Cheni bloki ya tani moja ikifungwa kwenye mti wa kilo 200, umepata kifaa cha kilo 200. Kenchi za paa zimepangwa zibebe uzito uliotawanyika juu yake: bati au vigae, upepo, fundi mmoja anayepita. Kuning'iniza injini katikati ya mti wa chini wa kenchi ni kuweka uzito wote mahali pamoja, tena mahali ambapo mchoraji hakupapangia. Boriti nayo hubadilika haraka na urefu. Kwa mzigo uleule ukining'inia katikati, boriti iliyoshikiliwa ncha zote mbili ikiongezwa urefu mara mbili hubeba mkunjo mara mbili na kupinda mara nane. Hapa ushauri wangu ni mfupi: kama hakuna mhandisi aliyeipigia hesabu boriti hiyo, usiitumie.

Kuna imani kwamba kapi inapunguza mzigo kwenye boriti. Kapi moja iliyofungwa juu haipunguzi chochote. Inageuza tu upande wa kuvuta. Ukiwa chini unavuta kamba kwa nguvu ya kilo 100 ili kuinua kilo 100, boriti inabeba zote mbili: kilo 200. Kapi inayokusaidia ni ile inayopanda pamoja na mzigo.

Kwa sababu hizo karakana nyingi za nyumbani huona afadhali kifaa kinachosimama chenyewe sakafuni. Kipo cha aina mbili. Kreni ya gereji, ile ya kutolea injini, ina mkono unaoinuliwa kwa jeki na miguu miwili ya magurudumu inayotangulia mbele. Inakunjwa, inahifadhiwa pembeni, na ndiyo kifaa ambacho ningempa anayeanza. Lakini soma mkono wake. Kreni iliyoandikwa tani 2 kwa kawaida ina matundu manne ya kurefusha mkono, na mara nyingi uwezo unashuka hivi: tani 2, tani 1.5, tani 1, na mkono ukirefushwa hadi mwisho, nusu tani. Mzigo wenye kitako kipana unakulazimisha kuurefusha, kwani miguu haipiti chini yake, kwa hiyo kwa mashine nyingi kreni yako ya tani 2 ni ya nusu tani. Hapo ndipo magurudumu ya nyuma yanapoinuka.

Ya pili ni kreni ya fremu: boriti moja juu ya miguu miwili yenye umbo la A, na cheni bloki inayoteleza kwenye boriti. Inapita juu ya mzigo kama daraja, haihitaji miguu kuingia chini, na inamudu kushusha mashine kutoka kwenye gari lililoingia katikati yake. Inahitaji sakafu tambarare ya zege. Kama mtengenezaji hakuruhusu kuisukuma ikiwa na mzigo, usiisukume. Sogeza gari, au telezesha winchi juu ya boriti.

Kwa kila kifaa chenye magurudumu, mzigo ushushwe kabla ya kusukuma hadi ubaki sentimita chache juu ya sakafu. Kokoto moja mbele ya gurudumu dogo la chuma inalisimamisha ghafla, na mzigo ulio juu unaendelea na safari.

Huenda hukuhitaji kunyanyua

Kazi nyingi zinazodhaniwa kuwa za kunyanyua ni za kusogeza. Mashine inahama kutoka ukuta huu hadi ule; haina sababu ya kwenda hewani. Mtaimbo wa mita 1.5 ulioegemezwa kwenye kigogo sentimita 10 kutoka ncha yake unazidisha nguvu mara 14: ukikandamiza kwa kilo 30, ncha inainua kilo 420. Mzigo unainuka kidogo tu, lakini inatosha kupenyeza ubao, kisha mwingine upande wa pili, hadi mabomba ya chuma yaingie chini. Juu ya mabomba matatu au manne mashine inasukumika, na bomba linalobaki nyuma linahamishiwa mbele. Kazi ya namna hii ni ya polepole na ya chini, na kosa lake mara nyingi huishia kwenye kuanguka sentimita tatu badala ya mita moja. Mteremko ndio adui wake: hata ukiwa mdogo, funga kamba nyuma ya mashine, mtu aishikilie kwa kuizungusha kwenye nguzo imara. Na kwa vilivyo juu ya paleti, toroli ya paleti hubeba tani mbili hadi mbili na nusu, ingawa uma zake hufika kimo cha kama sentimita 20 tu kutoka sakafuni.

Kupunguza mzigo nako ni kuchagua kifaa. Toa mota, toa jiliwa, toa meza ya mashine kama inafunguka. Drili ya kusimama ina sehemu kubwa ya uzito wake kichwani. Ukishusha meza na kutoa kichwa, kilichobaki watu wawili wanakimudu. Mashine ya kukereza nayo ni nzito upande wa mota na gia, kwa hiyo ndoano ikiwekwa katikati ya urefu wake itainama mara moja. Ndoano inatakiwa iwe juu ya kitovu cha uzito, yaani pale ambapo kitu kingetulia sawasawa.

Kuhusu kununua kikubwa zaidi "ili kuwa salama": winchi ya tani 3 haiiongezei boriti nguvu wala mikanda. Inakuwa nzito kuipandisha, inakula kimo zaidi cha dari, na kwa mzigo mdogo hutahisi kitu kikikwama. Nunua inayozidi mzigo wako mkubwa kwa nafasi ya kutosha, kisha pesa iliyobaki ielekee kwenye mikanda na stendi. Kama ni mashine moja itakayohamishwa mara moja, kukodi kifaa pamoja na mtu anayekijua ni uamuzi mzuri.

Cheni bloki iliyotumika inafaa ikikaguliwa. Angalia kama mdomo wa ndoano umepanuka au ndoano imejipinda, kama kile kilimi cha kuzuia mkanda usitoke bado kinajifunga, na kama pete za mnyororo zimelika pale zinapokutana. Kisha ining'inize mzigo unaoujua ulio ndani ya kikomo, ipandishe sentimita chache, weka alama ya chaki kwenye mnyororo, na uiache kwa nusu saa. Alama ikisogea, breki haishiki. Na ukiipeleka nyumbani, paka mnyororo mafuta mepesi, lakini usiyaache yafike kwenye breki: nyingi hushika kwa msuguano wa diski kavu.

Siku ya kazi yenyewe, mzigo wa kwanza uinue sentimita tano, kisha usimame. Tazama unainamia upande gani, tazama mikanda, boriti na sakafu chini ya magurudumu. Ukiinama, ushushe, uhamishe ndoano, uanze upya. Asiwepo mtu chini yake wala upande utakaoangukia, akiwemo anayevuta mnyororo.